Usichague Nyumba ya Uzeeni Wakati wa Krismasi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja, Wundanyi. Tunayachapisha kwa ombi la wale waliohudhuria na wale waliokosa nafasi.)

Katika ratiba mmeandika kwamba nitazungumza juu ya maisha baada ya kustaafu, na najua wengine wenu mliposoma hivyo mlijiuliza: sisi wakulima tunastaafu kutoka wapi? Jembe halina barua ya kustaafu. Ni kweli. Lakini hebu mnyoshe mikono. Nani hapa ana mume, kaka, dada au mtoto anayefanya kazi Mombasa, Nairobi au mahali pengine mbali na hapa?

Mnaona? Karibu wote. Basi watu hao watarudi, na watarudi mikononi mwenu. Nyumba watakayoijenga, ni ninyi mtakaoichotea maji. Siku ya ugonjwa machela mtaibeba ninyi. Kwa hivyo habari hii ni yenu kama ilivyo yao, na pengine zaidi.

Juu ya pesa za uzeeni sitasema mengi leo. Watu wa NSSF na wa vyama vya akiba na mikopo wanaweza kuwaeleza vizuri kuliko mimi. Nataka tushike jambo moja tu ambalo kwa kawaida haliulizwi kabisa, kwa sababu kila mtu anadhani jibu linajulikana. Mtu akistaafu ataishi wapi? Juu huku vilimani? Chini Mwatate au Voi? Au abaki huko huko Mombasa alikozoea?

Wacha nianze na nyumba yetu, kwa sababu si vizuri kuzungumza juu ya makosa ya watu wengine tu.

Baba yangu alifanya kazi bandarini Mombasa miaka 29. Alistaafu mwaka 1996 akiwa na miaka 55. (Siku hizi mfanyakazi wa serikali hufika 60, umri huo ulipandishwa mwaka 2009.) Sisi watoto tulikulia Changamwe, na mama alikuwa na biashara yake ndogo ya maandazi na mbaazi za nazi pale karibu na kituo cha matatu. Kila mwaka tulikuja nyumbani kwa Krismasi. Na ilikuwa Krismasi, ya mwaka 1993, baba alipochagua mahali pa kujenga. Nakumbuka siku hiyo. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri, mahindi yamesimama, vilima vyote kijani. Jua lilikuwa la kadiri. Ndugu zake wote walikuwa wamerudi kutoka kila pembe, na kila jioni uani palikuwa na watu ishirini, mbuzi amechinjwa, redio inaimba. Baba alisimama kwenye kilele cha shamba la babu, akatazama nyanda za chini mpaka unapoona ukungu wa buluu kule mbali, akasema, "Hapa." Ni hivyo tu. "Hapa."

Mama hakuulizwa. Aliambiwa. Alinyamaza, nasi tukadhani kunyamaza ni kukubali.

Nyumba ilikamilika mwaka aliostaafu: ya mawe, mabati mekundu, vyumba vitano. Karibu malipo yake yote yaliingia mle. Halafu ikaja Januari, ndugu wakapanda matatu wakaenda zao makazini. Ikaja Julai. Mama hakuwa amewahi kuwa hapa mwezi wa Julai tangu aolewe. Ukungu uliingia mpaka jikoni, nguo zilikaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, na magoti yake, ambayo Mombasa yalikuwa yakilalamika kidogo tu, yakaanza kumkatalia asubuhi. Kutoka nyumbani mpaka barabara inayofikiwa na gari ni mteremko mkali. Mimi nilikuwa msichana wa kidato cha tatu, nina nguvu zangu, na bado nilipumzika mara mbili nikipanda na mtungi wa maji. Mama aliteremka kwenda Misa na sokoni mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili mvua za El Niño, zile za mwisho wa 1997, zilikata njia, na baada ya hapo alikuwa akikaa mwezi mzima bila kuteremka. Mwanamke aliyejuana na nusu ya Changamwe akawa anaongea na kuku.

Mwaka 2001, mwezi wa Aprili, usiku, baba alipata kiharusi. Majirani walikuja, Mungu awabariki, wengine wao mko hapa. Walifunga blanketi kwenye miti miwili wakamteremsha katika matope, na ilichukua karibu masaa mawili kumfikisha kwenye gari. Aliishi miaka mitatu zaidi, mkono wa kulia haukurudi. Siwezi kusema kwamba kama angekuwa karibu na barabara angepona kabisa. Daktari hakusema hivyo, nami sisemi. Nasema tu kwamba masaa mawili ni mengi kwa ugonjwa kama huo, na kwamba mahali pale tulipachagua sisi wenyewe, siku ya jua, tumeshiba.

Sasa, kwa nini nasema Krismasi ndiyo adui? Hebu tutazame mwaka wetu hapa Taita.

Mvua zetu ni mbili, masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ninyi wakulima mnajua kwamba kwetu vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi. Masika ya upande huu wa nchi mara nyingi hutudanganya. Kwa hivyo anayekuja Desemba anaikuta nchi siku yake ya arusi. Hajaona Februari, wakati nyanda za chini zimekuwa kahawia na ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji. Hajaona Aprili, bodaboda zinapokataa kupanda. Hajaona Juni, Julai na Agosti, ukungu unapolala juu ya vilima na jua halionekani mpaka saa nane. Na hajaona jambo kubwa kuliko hali ya hewa: kijiji bila watu. Desemba kijiji kimejaa. Julai wamebaki akina mama, wazee, watoto wa shule, na ninyi. Mtu anayestaafu hatakwenda kuishi katika kijiji cha Desemba. Atakwenda kuishi katika kijiji cha Julai.

Tunayo bahati, au niseme tunalo tatizo, kwamba katika kaunti moja tuna nchi tatu. Voi iko chini, kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mwatate iko zaidi ya mita 800. Ukipanda huku, vijiji vyetu vingi viko kati ya mita 1,400 na 1,800, na kilele cha Vuria kinapita 2,200. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6. Fanyeni hesabu. Mtu aliyeishi Mombasa miaka 30, usawa wa bahari, akihamia kijiji cha mita 1,600, ameacha kama digrii 10 nyuma yake kwa siku moja ya safari. Kijana atavaa sweta. Mtu wa miaka 60 sweta peke yake haimtoshi.

Kuna ugonjwa tunaouita baridi yabisi, na jina lenyewe linaonyesha wazee wetu walivyoushitaki. Madaktari watawaambia kwamba si baridi inayouleta. Lakini watu wengi wenye viungo vibovu husikia maumivu zaidi kukiwa na baridi na unyevu, na hilo hamhitaji daktari kuwaambia. Presha nayo hupanda wakati wa baridi, kwa sababu mishipa ya damu hujikaza. Na kisha kuna moshi. Mtu wa Mombasa hupika milango wazi, upepo unapita. Huku juu mwezi wa Julai tunafunga kila kitu na kuwasha kuni ndani, kisha tunashangaa kwa nini bibi anakohoa mpaka Oktoba. Hapo naomba niseme kwa ukali kidogo: msilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na watu wamekutwa wamekufa asubuhi, familia nzima. Mgeni kutoka pwani hajui jambo hili. Mwambieni siku ile ile anapofika.

Nisije mkadhani nasema kila mtu ateremke. Chini pia kuna habari zake. Voi na Mwatate joto la Februari na Machi si mchezo, na mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili unakauka naye hajui. Akiwa anatumia vidonge vya presha vya kumfanya akojoe, hatari inaongezeka, basi amwulize daktari wake anywe maji kiasi gani. Halafu mbu. Huku juu mbu ni wachache kwa sababu ya baridi. Chini, na Taveta zaidi, malaria ipo. Aliyekaa Nairobi miaka mingi, ambako malaria ni kidogo, kinga aliyokuwa nayo utotoni imekwisha, asiseme "mimi nilizaliwa na malaria, haiwezi kunifanya kitu." Alale ndani ya chandarua kama mtoto mchanga.

Na mvua chini ni chache, kama milimita 500 kwa mwaka, wakati vilimani tunapata mara mbili na zaidi. Anayehamia chini akifikiri atalima sukuma, kabichi na ndizi kama mama yake alivyolima juu, atavunjika moyo mwaka wa kwanza. Chini ni mtama, kunde, pojo, mbaazi, kuku na mbuzi. Na ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti yetu, na ndovu hajui mpaka umeandikwa wapi. Mstaafu mmoja alinionyesha shamba lake la mahindi chini kule, ekari mbili, baada ya usiku mmoja tu. Ungedhani trekta limepita. Alikuwa amenunua shamba mwezi wa Desemba, bila shaka.

Maji ndiyo swali la kwanza huko chini. Si kuuliza kama bomba lipo, bomba lipo. Uliza hutoa maji siku ngapi kwa wiki, na uliza jirani, usimwulize anayekuuzia ploti. (Mnajua wenyewe uchungu wetu, maji ya chemchemi za Mzima yanazaliwa katika kaunti yetu na bomba kubwa linakwenda zake Mombasa. Lakini hilo ni la mkutano mwingine.)

Na wale wanaotaka kubaki Mombasa? Kwa wengine ni sawa kabisa. Kama ana nyumba yake pale, wajukuu wako karibu, ana kliniki inayomjua na marafiki wa miaka 30, kwa nini tumng'oe? Mti mkubwa ukiung'oa na kuupanda mahali pengine, mnajua. Lakini kama anapanga, kodi haitangoja mshahara ambao haupo tena. Nimewaona wazee waliobaki mjini kwa aibu ya kurudi mikono mitupu, wakahamia chumba kidogo kila mwaka. Hao tuwatafute. Wengi wangerudi kama mtu angewaambia kwamba hakuna anayengojea nyumba ya vyumba vitano.

Sasa nije kwenye jambo linaloumiza. Mwenye kustaafu ni mmoja, lakini wanaohama ni wawili. Nimesema mama yangu hakuulizwa. Hapa kwetu kuna kisa cha namna nyingine, tena kingi zaidi. Mume amekaa Mombasa miaka 30. Mke amekaa hapa kijijini miaka hiyo yote. Ndiye aliyelima, ndiye aliyesomesha watoto, ana kikundi chake, ana ng'ombe wake wa zero-grezing, anajua ni jirani gani wa kumwita saa nane za usiku. Mume anastaafu, anarudi na kusema: huku juu ni baridi, nimenunua ploti Voi, tunahama. Kwake ni kustaafu. Kwa mke ni kufukuzwa kazi. Akina mama hapa mbele mnacheka, lakini wawili wenu mlikuja ofisini kwangu na habari hiyo hiyo na hamkuwa mnacheka.

Sisemi mume amekosa kutaka joto. Mifupa yake imezoea Mombasa. Na mke pia, kukata majani ya ng'ombe kwenye mteremko akiwa na miaka 65, ataendelea mpaka lini? Nasema wakae chini wote wawili, kabla ya ploti kununuliwa, kila mmoja aseme ni kitu gani hawezi kukiacha. Usianze na unachotaka. Anza na usichoweza kukiacha. Mmoja atasema kikundi changu. Mwingine atasema kliniki ya presha. Mwingine atasema kanisa ninaloweza kulifikia kwa miguu. Vitu hivyo vikishajulikana, mara nyingi mahali penyewe panaanza kuonekana.

Kuna kitu kingine kinachotufunga, na tunakizunguka kwa sababu ya heshima: kaburi. Mtu anajenga juu kabisa kwenye shamba la babu kwa sababu pale ndipo atakapozikwa. Ndugu zangu, hayo ni mambo mawili. Unaweza kuzikwa karibu na baba yako na kuishi mahali pengine. Kuzikwa ni kazi ya siku moja na watu watakubeba, hata kama ni kilele cha Vuria. Kuishi baada ya miaka 60 ni miaka 15, 20, wengine 30, na hiyo miaka ni wewe utakayepanda huo mlima kwa magoti yako. Wazee, msinikasirikie. Nimesema haya mbele ya wajomba zangu na bado wananisalimia.

Nitawapa mfano wa mtu aliyefanya vizuri, sitamtaja jina. Ni mwalimu, mjane, amestaafu. Nyumbani kwao ni juu huku. Badala ya kujenga mara moja alipanga chumba kimoja Mwatate, akaishi pale mwaka mzima, Januari mpaka Desemba. Watu walimcheka: mwalimu mzima anapanga chumba, pesa amepeleka wapi? Katika mwaka ule alijifunza mambo ambayo hakuna dalali angemwambia. Alijifunza kwamba mtaa aliokuwa ameupenda hukosa maji wiki nzima mara kwa mara. Alijifunza ni saa ngapi matatu za kwenda hospitali ya Voi hupita, na kwamba jua la mchana hulichoma dirisha la upande wa magharibi mpaka huwezi kukaa chumbani. Alipojenga, alianza na tangi. Tangi kwanza, nyumba baadaye! Nyumba ni ya vyumba viwili na sebule, haina ngazi, mlango mpana, choo ndani, veranda ndefu upande wa mashariki. Shamba la juu hakuliuza. Mpwa wake analilima, wanagawana mavuno, na yeye hupanda matatu siku za Ijumaa kwenda kulitazama na kurudi na ndizi. Ndugu walinuna mwaka mmoja wakisema ameikataa nyumba ya wazazi. Siku hizi wanalala kwake wakienda hospitali.

Kuishi chini, kulima juu. Kwa watu wa vilima hivi, nadhani kwa wengi hiyo ndiyo njia. Si kwa wote. Kwa mwenye kijiji cha juu kilicho kando ya barabara, karibu na Wesu au zahanati, mwenye magoti mazuri na kifua kizuri, juu ni pazuri kuliko popote: chakula kipo, mbu ni wachache, watu wanajuana. Sipigi kampeni ya Mwatate.

Juu ya kununua ploti niseme kwa haraka, kwa sababu wakili wa Jumuiya ya Haki na Amani atakuja mwezi ujao. Tafuteni habari za hati kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa shilingi. Kama ni ardhi ya kilimo, lazima kibali cha bodi ya ardhi, na kiombwe katika miezi sita tangu mapatano, la sivyo mapatano yenyewe hayana nguvu. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzi kukubali. Hiyo ni sheria tangu 2012, si maoni yangu. Nimeona familia ikiuza shamba la juu kabla ya kujua kama wataweza kuishi chini. Usiuze mpaka umeishi.

Sasa kazi yenu. Kila mfanyakazi aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Iko katika Sheria ya Ajira ya 2007. Wengi huzitumia zote Desemba. Waandikieni, au siku hizi wapigieni simu: kaka, bado miaka mitatu ustaafu, mwaka huu usije Krismasi. Njoo Julai. Mwaka kesho njoo Februari, ukae chini kule, unapotaka kununua. Mwaka wa tatu njoo Aprili, mvua ikinyesha, na uje na mkeo. Alale pale pale anapotaka kujenga, siku saba angalau. Achote maji mwenyewe. Atembee usiku mpaka barabarani, apime kwa saa. Aende zahanati na kuuliza kama dawa zake za presha au sukari hupatikana kila mwezi, au ni mpaka Voi. Na kadi yake ya SHA iwe imeandikishwa kabla hajahama. NHIF aliyoizoea ilikwisha Oktoba 2024, na bado nakutana na wazee wenye kadi ya zamani mfukoni wakidhani wamefunikwa.

Vikundi viwili vya huku juu tayari vimekubali kumpokea mtu yeyote wa namna hiyo mwezi wa Julai. Watampa chumba, naye atachangia chakula. Wameniomba niseme kwamba hawatapika pilau wala kuchinja mbuzi. Atakula wanachokula wao mwezi wa Julai. Nimefurahi sana kusikia hivyo, maana ukarimu wetu wakati mwingine ndio unaowadanganya wageni.

Jambo la mwisho, juu ya pesa kidogo. Mzee akifika 70 anaweza kuandikishwa kupata pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, tunashukuru. Lakini mzee anayeishi mahali ambapo kila safari ya kliniki ni bodaboda, kisha matatu, kisha bodaboda tena, na mjukuu wa kumshika mkono naye alipiwe nauli, pesa hiyo anaimaliza njiani. Tunapopanga mahali pa kuishi tunapanga pia hiyo nauli, kila mwezi, mpaka mwisho.

Mmeniuliza pale nje, wakati wa uji, mama yangu yuko wapi sasa. Yuko Mwatate kwa dada yangu, anakaribia 80, anauza maandazi tena barazani, si kwa faida, ni kwa mazungumzo. Nyumba ya juu ipo, mpwa wangu anaishi vyumba viwili na vingine vitatu ni vya viazi. Mwezi uliopita tulimwuliza mama kama angependa turudi kuitengeneza paa, pengine tupate gari la kufika karibu. Alifikiri kidogo akasema, "Itengenezeni. Krismasi nitapanda niwaone watu. Lakini Januari tarehe mbili mnirudishe."

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tutayachukua baada ya chai, na wale wa vile vikundi viwili naomba wabaki kidogo na kalenda.